Nyumba ya Wankuru Ndani ya Mfumo

Ukimuuliza Rhobi anafanya kazi gani, vuta kiti kabisa. Hajui kujibu kwa mkato, na kusema kweli hataki. Atakuuliza kwanza kama umewahi kujaza mambo yako kwenye simu, ukabonyeza "Endelea", halafu ukajikuta umerudishwa mwanzo na kila ulichoandika kimefutika. Ukisema ndiyo, na nani hajawahi, atakuambia, "Basi. Aliyekufanyia hivyo ana kazi kama yangu, ila yeye anaifanya vibaya."

Kazi yenyewe ni hii. Mfumo unaoufungua kwenye simu au kompyuta si ukurasa mmoja, ni kurasa nyingi, na lazima awepo mtu wa kuamua ukurasa upi ufuate upi. Kuna anayechora vitufe na rangi. Kuna anayetunza taarifa zisipotee. Rhobi anapanga njia. Ukijibu ndiyo unapelekwa wapi, ukijibu hapana unapelekwa wapi, ukirudi nyuma unakuta ulichoandika au unakuta patupu. Ofisini kwao, Musoma mjini, juu ya duka linalouza nyavu na boya, wenzake wanamwita Trafiki. Jina hilo analipenda mno. Ukimwita kwa jina hilo mbele za watu anainua kidevu.

"Kwenye mfumo wangu mtu hapotei," ndivyo anavyosemaga, tena bila haya. Wapo wanaosema anajisikia. Ajisikie tu! Mtu anayejua kazi yake anyamaze kwa faida ya nani?

Waulize akina mama wa Mwigobero, pale sokoni ziwani. Walikuwa wameletewa mfumo wa kupokea oda za dagaa, na haukupita muda wakaususa. Waliouunda wakasema wateja hawajui kutumia. Rhobi alipopewa kazi ya kuurekebisha hakufungua hata kompyuta. Alienda akakaa kwenye gunia, katikati ya harufu ya dagaa, akatazama. Akaona mama anaanza kujaza oda, mnunuzi anafika, simu inatupwa mapajani. Mnunuzi akiondoka, mama anaokota simu, mfumo umeshamtoa nje. Anaanza upya. Mwingine anampa jirani yake amalizie, jirani anabonyeza kurudi nyuma aone kilichoandikwa, kila kitu kinafutika.

"Sasa mtu yuko kwenye biashara, mlitaka asimame awangoje nyie?" Rhobi aliuliza aliporudi ofisini, na alikuwa amekasirika kweli. Akapanga njia upya. Ukiacha katikati, ukurasa unakusubiri palepale ulipouacha. Ukirudi nyuma, maneno yako unayakuta. Tangu hapo akipita Mwigobero haondoki mikono mitupu, na mama mmoja muuza sangara humtangaza kwa sauti kwamba huyu ndiye aliyeifundisha simu adabu.

Huyo ndiye Rhobi. Sasa ngoja nikuambie alikotoka, maana bila hapo hutaelewa kilichompata.

Alizaliwa Kiabakari, upande wa Butiama, kwenye mji wa Wankuru, yaani boma lake. Wankuru ni bibi wa Kikurya, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Alifiwa na mume akiwa bado na nguvu zake, hana mtoto. Ndugu wa mume walipoanza kuulizana mali itakwenda kwa nani, yeye hakulia wala hakurudi kwao. Alitoa ng'ombe, akaoa. Ndiyo, umesikia vizuri, akaoa. Alimwoa msichana aitwaye Jeska, kwa taratibu zote, wazee wa pande mbili wakiwepo, na watoto ambao Jeska angezaa na mwanaume wa nje wakawa watoto wa nyumba ya Wankuru. Ndoa ya hivyo Wakurya wanaiita nyumba ntobhu.

Wageni wakisikia hivyo macho yanawatoka, mawazo yanakimbilia chumbani. Yarudisheni mawazo yenu. Hapa panazungumzwa mji, mali, watoto na jina. Zipo nyumba za hivyo zenye machozi, tusidanganyane. Ila hii ya Kiabakari ilikuwa na amani, na Jeska mwenyewe husema alikuja kwa miguu yake na hajawahi kufunga mzigo wa kuondoka. Walilima pamba pamoja, wakaenda kanisani pamoja, wakagombana kuhusu kuku kama watu wote wanaokaa pamoja muda mrefu. Jeska akamzaa Rhobi.

Shuleni ndipo ilipokuwaga shida. "Baba yako anaitwa nani?" mwalimu aliuliza. Rhobi akasema, "Wankuru." Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akamwambia alete jina la mwanaume. Alipofika chuoni Mwanza alikuwa amekwisha kujifunza jibu fupi lisiloleta maswali: "Nimelelewa na bibi." Alilisema mara nyingi mpaka likawa jepesi mdomoni. Halikuwa uongo. Lilimfaa tu yule anayeuliza kuliko anayejibu.

Basi, mwaka mmoja kampuni yao ikapata kazi kubwa. Ushirika mmoja wa wakulima wa pamba, wenye wanachama Bunda na Butiama, ulitaka mfumo wa kuandikisha familia ili kila mtu apate kadi ya matibabu. Kila nyumba inaingia mara moja, mkuu wa kaya na watu wake. Emanuel, mkuu wa ofisi, mtu wa Bukima, mpole na mwoga wa kuchelewa, alimkabidhi Rhobi njia zote. Rhobi akabandika makaratasi ukutani, kila karatasi ukurasa mmoja, na mishale ya kalamu nyekundu kutoka hapa kwenda pale. Mishale yake ilikuwa mizuri. Ukurasa wa kwanza ulikuuliza jinsia ya mkuu wa kaya. Ukibonyeza Me, ukurasa unaofuata unakuuliza wake na watoto. Ukibonyeza Ke, unaulizwa jina la mume, au kama ni mjane, au hajaolewa. Kila mlango ulikuwa na pa kutokea. Emanuel alisimama akautazama ukuta, akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile.

Wakaujaribu Bunda. Karani wa ushirika huko aliitwa Prosper, kijana mchangamfu, mwenye huruma kwa kila mtu. Aliandikisha watu wiki nzima, na majibu yakaja kwamba hakuna aliyekwama. Hata mmoja! Viongozi wa ushirika wakafurahi, wakapanga siku ya kuuzindua Butiama, Jumatano ya wiki iliyokuwa inakuja. Rhobi alitembea Musoma siku hiyo utafikiri barabara imetengenezwa kwa ajili yake. Na siku ya Jumapili akapanda kwenda Kiabakari, laptopu mgongoni, ili nyumba ya kwao iwe ya kwanza kuandikwa upande wa Butiama.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Jeska alikuwa na tatizo la moyo. Siyo la kufa leo, lakini alipaswa kuonwa na daktari kila mara kwenye hospitali kubwa mjini Musoma, na mara nyingine alikosa kwenda kwa sababu pesa hazikutosha. Kadi ya ushirika ingemfungulia mlango wa hospitali ile. Kwa hiyo Rhobi alipofungua laptopu chini ya paa la jikoni, Jeska alivaa gauni la kanisani, kwa heshima ya shughuli yenyewe. Wankuru alikaa kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti.

"Mkuu wa kaya ni wewe, bibi," Rhobi alisema huku akiandika. Akabonyeza Ke. Ukurasa uliofuata ukafunguka haraka, safi, kama alivyoupanga. Jina la mume. Rhobi akabonyeza "mjane", ambalo lilikuwa kweli. Akapelekwa kwenye ukurasa wa watu wa nyumbani. Akaandika Jeska. Mfumo ukamuuliza Jeska ni nani wa mkuu wa kaya, ukampa vitufe vya kuchagua. Mtoto. Mzazi. Mtumishi.

Kitufe cha mke hakikuwepo. Kilikuwa kinatokea tu kwa aliyebonyeza Me, na aliyekipanga hivyo alikuwa Rhobi.

Alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Alijua vizuri hakuna kitu huko, ni yeye aliyeichora njia ile, lakini vidole vilikataa kuamini. Jeska, ambaye alisoma mpaka la saba na kusoma anajua, alikuwa amesimama nyuma yake anatazama.

"Bonyeza tu hapo kwa mtumishi, mwanangu," Jeska alisema taratibu. "Mimi sina shida. Si nipate kadi tu."

"Mtumishi anatibiwa zahanati, mama. Hospitali ni ya mke na watoto."

"Basi bibi yako muandike Me. Kompyuta itajuaje?"

Wankuru aligonga fimbo chini. "Itaandika nini? Mimi ni mwanamke. Sijawahi kumwambia mtu mimi ni mwanaume, hata siku moja. Nimeoa, basi. Ng'ombe zangu nilitoa mchana, watu wanaona." Akamgeukia Rhobi, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kelele. "Hiyo kitu nani alitengeneza?"

"Mimi, bibi."

"Wewe wa nyumba hii?"

"Ndiyo, bibi."

Jeska akaingia ndani kuvua gauni. Niamini, Rhobi angepigwa ingekuwa nafuu. Alijua sasa alichofanya. Miaka yote alikuwa amezoea kujibu kama yule mwalimu alivyotaka, na alipopewa yeye nafasi ya kuuliza, aliuliza vilevile alivyoulizwa.

Lakini swali jingine lilimkereketa njia nzima ya kurudi Musoma. Bunda wako Wakurya, nyumba kama ya kwao hazikosekani huko. Iweje hakuna aliyekwama? Akampigia Prosper.

"Ah, hao mabibi wenye wake?" Prosper akacheka kwa furaha ya mtu aliyetenda wema. "Hao nilikuwa nawasaidia mwenyewe, dada. Wake zao naweka mtumishi. Kuna mmoja alikataa, mkali huyo, nikamuweka Me. Yakapita yote!"

"Prosper."

"Naam?"

"Ulimuweka bibi wa watu mwanaume?"

"Sasa ningefanyaje? Mfumo wako ulikuwa hauna pengine pa kwenda!"

Na hapo Prosper alisema kweli tupu.

Jumatatu asubuhi alimkuta Emanuel ofisini anapanga safari ya Butiama. Akamweleza yote bila kujificha, na yake mwenyewe akayasema. Alikuwa hajawahi kuisema nyumba yake mbele ya mtu wa ofisini.

Emanuel alijikuna shingo. Kwao Bukima mambo hayo aliyasikiaga kwa majirani tu. "Rhobi, nakuelewa. Ila tuko siku mbili kabla. Viongozi wameshaupitisha. Tuzindue, halafu baadaye tuongeze ukurasa mmoja pembeni, kwa nyumba za aina hiyo."

"Pembeni?"

"Maalumu. Ukurasa maalumu."

"Mama yangu apitie mlango wa uani?" Rhobi alipaza sauti mpaka mwuza nyavu chini akainua kichwa. "Abonyeze kitufe kinachosema yeye ni wa aina hiyo, karani amtazame, foleni yote imtazame? Kaka Emanuel, mimi huko nimetoka. Nimesimama darasani nikachekwa. Sitamjengea mtu ukurasa wa kuchekewa."

"Sasa unataka nini?"

Alikuwa hajui bado. Akageuka akautazama ukuta wake. Makaratasi yalikuwa yametulia pale, mishale myekundu imenyooka, kazi safi aliyosifiwa. Akaifuata kwa kidole kutoka mwanzo. Karatasi ya kwanza: Me au Ke. Kutoka hapo njia zinagawanyika, na hazikutani tena mpaka mwisho. Kila alichokuwa anatafuta kukirekebisha huko mbele kilikuwa kimeharibikia hapa, kwenye swali la kwanza. Hata mwenye wake wawili alikuwa anazungushwa bure, kila mke na ukurasa wake. Hata mume na mke wanaomiliki shamba pamoja walikuwa wanalazimishwa kuchagua mmoja ndipo wapite.

Akaing'oa ile karatasi ya kwanza.

"He!" Emanuel akaruka. "Unafanya nini?"

"Jinsia tutamuuliza kila mtu peke yake, kwa ajili ya daktari. Siyo kwa ajili ya kumchagulia njia." Alichukua karatasi mpya, akaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA HII NI YA NANI? Akaibandika. Ya pili: NANI AMEOLEWA AU AMEOA KATIKA NYUMBA HII? Ya tatu: WATOTO WA NYUMBA HII NI NANI? Akachora mshale mmoja kutoka ya kwanza kwenda ya pili, mwingine kutoka ya pili kwenda ya tatu. Basi. Hakukuwa na matawi. Makaratasi mengine akaanza kuyabandua moja baada ya jingine na kuyarundika mikononi mwa Emanuel, ambaye alibaki kayakumbatia.

Emanuel aliyasoma yale matatu. Akayasoma tena. Alikuwa mwoga wa kuchelewa, sikatai, lakini kazi nzuri akiiona anaijua. "Baba yangu na wake zake wanapita hapa," alisema polepole. "Na yule mjane jirani yetu anayelea wajukuu anapita."

"Na mama yangu anapita."

"Viongozi wa ushirika wakikataa?"

"Nitawaeleza mimi."

Emanuel akaweka makaratasi mezani. "Hapana, tutawaeleza wote. Piga simu Bunda, Prosper aje leo hii. Aliyewapitisha kwa huruma sasa atawapitisha kwa haki."

Zikawa siku mbili za moto. Prosper alifika na samosa za kuomba radhi. Akapewa kazi ya kubonyeza kila kitufe kwa fujo zote anazozijua, kurudi nyuma, kuacha katikati, kuruka ukurasa, kuzima simu. Kila alipokwama, Rhobi alirekebisha. Walewale aliokuwa amewaweka mtumishi na mwanaume Prosper mwenyewe akawapigia simu mmoja mmoja, akawaomba msamaha, akawauliza upya. Yule bibi mkali alimwambia, "Sasa umeuliza vizuri. Ile siku ya kwanza ulikuwa unaniuliza kama polisi." Viongozi nao walisikia. Mmoja, mzee wa makamo, alisema kwenye simu kwamba yeye mwenyewe amezaliwa kwenye nyumba ya hivyo na hakuwa amewahi kusikia mtu akilisema jambo hilo kazini. Wakaupitisha mfumo mpya.

Jumatano, ukumbi wa Butiama ulijaa mpaka mlangoni. Walileta projekta ili watu wote waone ukutani. Rhobi alikuwa ameketi nyuma ya laptopu, mbele ya watu, Prosper pembeni yake. Mwenyekiti wa ushirika alieleza, watu wakapiga makofi, akauliza nani atakuwa wa kwanza kuandikwa. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeandaliwa tangu jana yake, amevaa koti. Mzee akaanza kuinuka.

Kabla hajasimama sawasawa, fimbo iligonga sakafu huko nyuma.

"Mimi," ilisema sauti ya kuita ng'ombe.

Rhobi hakuwa amemwambia aje. Wankuru alitembea katikati ya viti, mrefu, hana haraka, na nyuma yake Jeska katika gauni la kanisani. Yule mzee wa koti alitazama ile fimbo, akaketi kwa hiari yake. Wankuru akafika mbele, akakataa kiti. Jeska akasimama hatua moja nyuma, macho chini.

Ukutani pakatokea maandishi makubwa. Nyumba hii ni ya nani? Rhobi akasoma kwa sauti, kama angemsomea mtu mwingine yeyote.

"Yangu. Wankuru."

Akaandika. Akabonyeza "Endelea". Ukurasa wa pili ukafunguka mbele ya ukumbi mzima. Nani ameolewa au ameoa katika nyumba hii? Watu wengi pale ndani walimjua Wankuru, na wasiomjua walishaanza kunong'onezewa. Rhobi alisikia kicheko kimoja kifupi upande wa dirisha, cha mtu asiyejua yuko wapi. Akawa tena yule mtoto wa darasani.

Wankuru aligeukia upande wa kile kicheko. Hakuharakisha. "Jeska," alisema, na jina lilifika mpaka nje. "Jeska ameolewa katika nyumba hii. Nilimwoa mimi."

Kicheko kikafa chenyewe. Rhobi aliandika jina la mama yake, herufi kwa herufi, na ukutani likajitokeza chini ya jina la Wankuru. Mfumo haukuuliza zaidi. Haukurudisha mtu nyuma. Ulifungua ukurasa wa tatu, wa watoto, na Rhobi akajiandika mwenyewe, Prosper akimsogezea laptopu karibu.

"Maliza," Wankuru alisema. "Watu wanangoja."

Kabla hajabonyeza, Jeska alisogea. Alipita mbele ya Wankuru, akainama juu ya laptopu, akanyoosha kidole. "Niache mimi," alisema. "Nilisema sina shida. Nilikuwa naongopa." Akabonyeza "Thibitisha" kwa nguvu, kama anayepiga muhuri, na wanawake wa upande wa nyuma wakapiga vigelegele. Kisha bibi mmoja akasimama, akamshika mkono mwanamke aliyekaa naye, wakaingia kwenye foleni pamoja. Yule mzee wa koti akafuata nyuma yao.

Kadi zilipotoka, Rhobi aliomba ruhusa, akampeleka mama yake hospitali mwenyewe. Walikaa kwenye benchi refu lililojaa watu. Jeska alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili, na mara kwa mara aliigeuza kuisoma, ingawa maneno yake aliyajua. Wankuru alikuja pia. Alisema amekuja kuangalia tu kama daktari anajua kazi.

Nesi akatoka mlangoni na kompyuta ndogo mkononi, amechoka, hana habari na mtu. Akasoma bila kuinua macho.

"Jeska, mke, nyumba ya Wankuru. Yuko wapi?"

Benchi zima liligeuka. Rhobi akataka kumsaidia mama yake kunyanyuka, lakini Jeska alikuwa ameshasimama wima.

"Ni mimi," alisema. Akamshika Wankuru mkono. "Na mwenye nyumba ni huyu."